Herufi za Risasi

Ndugu msomaji, katika Kiswahili chetu kuna neno moja lenye maana mbili, na zote mbili zatuhusu katika makala haya. Neno lenyewe ni risasi. Risasi ni ile itokayo katika mtutu wa bunduki. Na risasi vilevile ni yale madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu, yayeyukayo kwa moto usiokuwa mkali sana. Kwa zaidi ya miaka mia nne wachapaji wa Ulaya walikuwa wakiyeyusha madini hayo, wakiyachanganya na bati na madini mengine kidogo, na kuyamimina katika kalibu ili wapate herufi moja moja. Mpanga chapa akizipanga herufi hizo kwa vidole vyake, mstari baada ya mstari, akizifunga pamoja, akizipaka wino na kuzigandamiza juu ya karatasi. Vitabu na magazeti waliyosoma wazee wetu yalitoka katika risasi ya namna hiyo.

Na ukurasa uliotoka hapo ulikuwa na adabu yake. Mistari ilinyooka kama safu za sala. Habari ya arusi na habari ya tanzia zilichapwa kwa herufi za ukubwa mmoja na wino mmoja, na kazi ya kucheka au kulia ikaachiwa msomaji mwenyewe. Kisha, mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakatokea watu waliozivunja safu zile. Wakaziinamisha herufi, wakazikuza, wakazitawanya, wakataka herufi yenyewe ipige kelele. Wengine wakachukua mkasi na gundi, wakakata magazeti na picha, wakabandika vipande ubavuni mwa vipande mpaka uso wa karatasi ukafanana na nyumba iliyobomoka. Watu wa sanaa wausifu ufundi huo kwa kuwa umempa mwanadamu njia mpya ya kutoa yaliyo moyoni. Sawa. Lakini kuna swali ambalo aghalabu halikuulizwa, nalo ni hili: herufi ikipiga kelele, yapiga kwa niaba ya nani?

Kabla ya kwenda mbele, yafaa tuseme kwamba si kweli kuwa watu wa Magharibi ndio wa kwanza kugundua kwamba umbo la herufi lina hisia. Mabingwa wa khati wa Kiislamu walilijua jambo hilo karne nyingi kabla. Katika nchi ya Iran kulikuwa na namna ya karatasi ambayo mwandishi alirudia herufi zile zile juu ya herufi, akiigeuza karatasi huku na huku, mpaka ikajaa weusi na maneno yasisomeke tena. Iliyobaki ilikuwa ni mwendo wa mkono na pumzi ya aliyeandika. Hapo mwanzo yalikuwa mazoezi tu ya kulainisha mkono, lakini watu walizipenda karatasi hizo wakazihifadhi kama vito. Na palikuwa na vitabu viitwavyo muraqqa, yaani vilivyoungwaungwa, na msomaji mwenye sikio atalisikia neno letu kiraka humo ndani. Muraqqa ilikusanya vipande vya khati na picha za mabingwa mbalimbali, waliokufa na walio hai, vikakatwa na kubandikwa katika ukurasa mmoja na kuzungushiwa mapambo. Moja iliyo mashuhuri ilitungwa na Dust Muhammad kwa ajili ya Bahram Mirza, ndugu wa Shah Tahmasp, mnamo mwaka 1544, nayo imo Istanbul. Kwa hivyo mkasi na gundi si jambo geni kwetu. Na sisi watu wa pwani, ambao mama zetu husemezana kwa leso iliyochapwa maneno, hatuna haja ya kufundishwa kwamba maandishi yaweza kubeba hasira au mapenzi bila ya mtu kufungua kinywa.

Turudi basi kwenye swali letu, na tulifuate mpaka katika mji mmoja wa Waislamu. Mji huo ni Edirne, ambao Wazungu waliuita Adrianople, ulioko upande wa Ulaya wa nchi ya Uturuki. Ulikuwa makao makuu ya Dola ya Uthmaniya kabla ya Istanbul kutekwa mwaka 1453. Humo umo msikiti wa Selimiye, ambao Sinan, mjenzi mkuu wa dola ile, aliujenga kati ya mwaka 1568 na 1575; kuba lake lina upana wa mita 31 hivi, na minara yake minne yaonekana kutoka mbali sana na mji. Karibu yake uko Msikiti wa Kale, uliomalizika mwaka 1414, na huo ndio utakaomfurahisha mpenda herufi. Juu ya kuta zake nyeupe yameandikwa maneno matukufu kwa herufi nyeusi zilizo kubwa kuliko mtu. Iko waw moja peke yake, imejikunja ukutani kama mtu aliyeinamisha kichwa. Aingiaye humo hata asiyejua kusoma hunyamaza. Hiyo ni herufi kubwa iliyokuzwa ili mtu ajione mdogo.

Mwezi wa Oktoba 1912 mataifa ya Balkani yaliingia vitani na Dola ya Uthmaniya, na majeshi ya Bulgaria yakauzunguka Edirne. Ndani ya mji walikuwamo Waturuki, Wayunani, Wayahudi, Waarmenia na Wabulgaria pia, pamoja na askari wa Mehmed Şükrü Pasha. Mji ulizingirwa miezi mitano. Mizinga ilipiga mitaa ya raia, na kombora moja lililipata kuba la Selimiye. Chakula kikaisha. Tarehe 26 Machi 1913 mji ukaanguka, na askari waliotekwa wakapelekwa katika kisiwa kilichoko katika mto Tunca, hapo hapo ubavuni mwa mji, wakawekwa wazi bila ya chakula cha kutosha wala mahali pa kujisitiri na baridi. Kipindupindu kikawaingia. Tume iliyotumwa kutoka nje baadaye kuchunguza vita vile, na kutoa taarifa yake mwaka 1914, ilikuta miti ya kisiwa kile imechunwa magome mpaka pale mkono wa mtu ulipoweza kufika. Wenye njaa walikuwa wameyala.

Sasa sikiliza. Nje ya mji, upande wa waliokuwa wakipiga mizinga, alikuwapo Mtaliana mmoja, mwandishi na mshairi, jina lake Filippo Tommaso Marinetti. Huyu hakuwa mtu asiyewajua Waislamu. Alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1876, akakulia huko. Mwezi wa Februari 1909 alikuwa ametoa katika gazeti la Le Figaro la Paris ilani ya chama chake cha wasanii waliojiita watu wa wakati ujao. Humo alisifu kasi, mashine na hatari, akataka majumba ya makumbusho na maktaba yabomolewe, na akaitukuza vita kuwa ni dawa ya kuusafisha ulimwengu. Italia ilipoivamia Libya mwaka 1911 alikwenda huko kama mwandishi wa gazeti akashangilia. Ndiyo vita ile ambayo ndani yake, tarehe 1 Novemba 1911, rubani wa Kitaliana aliwadondoshea watu mabomu kutoka ndani ya ndege, jambo ambalo halijapata kutokea kabla ya siku hiyo.

Aliyoyaona na kuyasikia Edirne aliyatia katika kitabu kilichotoka Milan mwaka 1914, akakiita “Zang Tumb Tumb”. Jina hilo halina maana nyingine ila mlio wa mzinga. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwisha kuitangaza kanuni yake ya uchapaji: ukurasa mmoja utumie wino wa rangi tatu au nne, na aina hata 20 za herufi ikibidi, herufi za kuinama ziwe kwa hisia nyepesi zipitazo upesi, na herufi nene nyeusi ziwe kwa vishindo. Vituo vya sentensi viondoke, sarufi ivunjwe, maneno yaachwe huru. Na kwa kweli kitabu kile ni kazi ya ajabu, tusimnyime mtu haki yake. Vokali zimenyooshwa kama kombora lirukalo. Puto la Waturuki la kutazamia adui limeandikwa kwa maneno yaliyopangwa mviringo, likaelea juu ya karatasi. Mpanga chapa aliyefanya kazi ile, akiziunga herufi za risasi kwa mkono katika mizunguko na miteremko ambayo mtambo haukuundwa kwa ajili yake, alikuwa fundi hasa. Mabango na matangazo tunayoyaona leo barabarani, yenye herufi kubwa zirukazo huku na huku, yana deni kwa kurasa zile.

Ila tazama ni hisia za nani. Imo sura ya gari la moshi lililojaa askari wagonjwa. Magurudumu, mvuke, filimbi na maumivu ya wagonjwa, vyote vimefanywa sauti na kutiwa katika ngoma moja, wala hakuna kimoja kilicho na uzito kuliko mwenzake. Mgonjwa na gurudumu ni sawa. Mwandishi ametetemeka kweli, hilo halina shaka, na mtetemeko wake ameufikisha kwetu kwa ustadi. Lakini ni mtetemeko wa mtu aliyesimama nyuma ya mzinga, si wa yule ulioelekezewa. Katika mji ule ule ambao herufi zilikuzwa ukutani ili binadamu anyenyekee, yeye alizikuza ili kombora lisikike vizuri.

Mwezi wa Aprili 1914 Marinetti aliipeleka Edirne yake London, katika ukumbi wa maonyesho ya picha uitwao Doré. Alisoma mbele ya watu kwa sauti kubwa, huku akitembea upesi kutoka ubao mmoja hadi mwingine na kuchora kwa chaki. Mezani mbele yake aliweka nyundo na mbao za kugonga, ili aige bunduki za mtutuo na amri za jemadari wa Kituruki. Palikuwa na simu pia. Kila alipotaka mizinga ilie alinyanyua simu, na katika chumba cha mbali mchoraji mmoja kijana wa Kiingereza akapiga ngoma mbili kubwa. Kijana huyo ni Christopher Nevinson, wa miaka 24, mtoto wa mwandishi mashuhuri wa habari za vita. Mwezi wa Juni mwaka ule alitia jina lake pamoja na Marinetti katika ilani ya kuwahimiza Waingereza waache sanaa ya uzee na kufuata ile ya nguvu. Mkumbuke kijana wa ngoma, tutakutana naye tena.

Miezi miwili baadaye vita vilifika kwao wenyewe.

Wengi wa hao walioviita vita dawa walikwenda kuionja, na baadhi yao hawakurudi. Mjenzi Antonio Sant'Elia aliuawa vitani mwaka 1916, na mchoraji Umberto Boccioni akafa mwaka huo huo kwa kuanguka farasi akiwa jeshini. Na hapo ndipo ukurasa uliovunjika ulipoanza kusema maneno mengine.

Guillaume Apollinaire alikuwa mshairi wa Paris, mzaliwa wa Roma, aliyewajua Marinetti na wenzake. Naye pia alipanga maneno yakawa maumbo. Shairi lake la mvua limeandikwa kwa mistari mitano mirefu iliyolala upande, ikiteremka herufi moja chini ya nyingine, kama maji juu ya kioo cha dirisha siku ambayo mtu hana pa kwenda. Alijiunga na jeshi la Ufaransa kwa hiari, na mwaka 1915, akiwa huko huko kwenye mahandaki, alitoa kijitabu cha mashairi kwa mashine duni ya kunakili, kwa nakala 25 tu. Hatusemi kwamba alikuwa mtakatifu. Kuna siku alizoviona vita vizuri kama fataki. Lakini tazama shairi lake moja la wakati ule. Juu ya ukurasa maneno yamefanya umbo la njiwa aliyechomwa kisu. Chini yake maneno yaruka juu na kuanguka pande mbili kama maji ya chemchemi, na maji hayo ni majina: majina ya rafiki zake walioitwa vitani, akiuliza wako wapi. Miongoni mwao yumo René Dalize, rafiki yake wa tangu utotoni. Kitabu kilipochapwa mwaka 1918, Dalize alikuwa amekwisha kuuawa, tarehe 7 Mei 1917, na Apollinaire akakitoa kitabu kizima kwa kumbukumbu yake. Mwenyewe alikuwa amepigwa kichwani na kipande cha kombora mwezi wa Machi 1916, akapasuliwa fuvu. Alikufa kwa homa ya mafua makuu tarehe 9 Novemba 1918, siku mbili kabla ya mizinga kunyamaza.

Ukurasa ule wa majina huuma zaidi ukiusoma ukiwa mtu wa Afrika Mashariki. Maana vita hivyo vilifika kwetu, na maelfu kwa maelfu ya watu wetu walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, wakafa njiani kwa njaa, kuhara na malaria. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zabeba jina la kikosi chao, ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps. Jina la kikosi lilibaki. Ya watu wenyewe, mengi hayakuandikwa popote, si kwa mistari iliyonyooka wala kwa ile ya kuruka kama maji.

Ujerumani nako, walioshindwa walishika mkasi. Hannah Höch alikuwa akifanya kazi tangu mwaka 1916 katika kampuni kubwa ya magazeti ya Ullstein mjini Berlin, akichora ruwaza za darizi na kimia kwa ajili ya kurasa za wanawake. Mikono hiyo hiyo iliyozoea kazi ya kutulia ilikata picha za majemadari, mawaziri, magurudumu na vichwa vya watoto kutoka katika magazeti, pamoja na herufi za ukubwa mbalimbali, na kuvibandika mpaka vikafanya picha moja ya nchi iliyopasuka. Ile kubwa yake ya mwaka 1919 na 1920 ina urefu unaozidi mita moja, na jina lake lataja kisu cha jikoni. Mwenzake Helmut Herzfeld alichukia chuki iliyokuwa ikipandwa juu ya Waingereza, akalibadili jina lake katikati ya vita akajiita John Heartfield, Kiingereza kitupu, na baadaye akatumia picha za kubandika kumpiga vita Hitler mpaka ikambidi akimbie mwaka 1933. Genge hilo la Berlin lilikuwa na matusi na dhihaka nyingi ambazo gazeti kama hili haliwezi kuzisimulia, na baadhi yao walidhihaki kila kitu ili tu wadhihaki. Lakini mtu ambaye magazeti yalimwambia kwa miaka minne kwamba ushindi u karibu, ana sababu ya kuyakatakata magazeti.

Mpole wao alikuwa Kurt Schwitters wa Hannover. Yeye aliokota: tiketi za tramu, vifuniko vya vyakula, nyuzi, kuponi za mgao, barua zilizochanika. Neno Merz, alilolitumia kuita kazi yake yote tangu mwaka 1919, nalo ni kipande kilichobaki baada ya kukata tangazo la benki. Nchi ilikuwa imebomoka, naye akaona kilichopo cha kujengea ni vifusi. Hakuna cheko la mzinga humo. Mna tiketi ya mtu aliyepanda gari siku fulani, akashuka.

Na Marinetti? Hakubadilika. Aliingia katika siasa ya Mussolini, na mwaka 1935, akikaribia miaka 60, alikwenda kwa hiari yake katika vita vya kuivamia Uhabeshi, ambako ndege za Kitaliana ziliwamwagia watu sumu, na akarudi na shairi la kuvisifu. Mwaka 1942 alikwenda tena Urusi. Alikufa mwaka 1944.

Sasa tumrudie kijana wa ngoma. Vita vilipoanza mwaka 1914, Nevinson alikwenda Ufaransa na kikosi cha magari ya wagonjwa cha Waquaker, ambao dini yao yawakataza kushika silaha. Huko Dunkirk, karibu na stesheni, kulikuwa na banda la kuwekea mizigo ya gari la moshi. Wafaransa waliojeruhiwa walikuwa wameteremshwa humo wakaachwa juu ya majani makavu, siku kadhaa, bila ya mtu wa kuwafunga vidonda. Waliokufa walilala pamoja na walio hai. Nevinson aliingia humo akaanza kuwaosha. Hili ndilo gari la wagonjwa la “Zang Tumb Tumb”, ila safari hii mtu alisimama mlangoni pake. Alipopata nafasi akachora banda lile, na hakuna mstari unaoruka katika picha hiyo. Wamelala, basi.

Mwaka 1917 serikali ya Uingereza ilimpeleka tena, sasa kama mchoraji rasmi wa vita. Akachora wanajeshi wawili wa Kiingereza waliokufa, kifudifudi katika matope mbele ya nyaya za miiba. Mkaguzi wa jeshi akaikataza picha isionekane, kwa hofu kwamba itavunja nyoyo. Maonyesho yake yalifunguliwa katika ukumbi wa Leicester mjini London mwezi wa Machi 1918, na Nevinson hakuiondoa picha ukutani. Alichukua ukanda wa karatasi ya kaki, ile ya kufungia vifurushi, akaubandika juu ya maiti wale wawili kutoka upande huu hadi ule, na juu ya ukanda akaandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya kwamba hapa pamezuiliwa na mkaguzi.

Wakubwa walimwita wakamkemea kwa makosa mawili. La kwanza, kuitundika picha iliyokatazwa. La pili, kulitumia neno lile bila ya ruhusa.